Kwa nini miguu ya mnara wa mbao haigusi udongo?

Ukifika kwenye mnara wa mbao wa kutazamia mandhari uliojengwa vizuri, kabla hujapanda, iname uangalie miguu yake. Hutakuta nguzo iliyochimbiwa ardhini. Utakuta zege, juu ya zege kiatu cha chuma, na nguzo imebebwa na kiatu hicho hewani, kiasi kwamba kiganja kinapita chini yake.

Kwa miaka mingi niliamini kinyume kabisa. Shambani kwetu tulikuwa na dungu la kuamia ndege wa mpunga, lenye miguu minne ya miti, na tulichofundishwa ni kuchimba: mguu ukizama zaidi, dungu linatulia zaidi. Kwa upande wa upepo ni kweli. Lakini dungu letu halikuangushwa na upepo. Msimu wa tatu mguu mmoja ulikatika sawasawa na uso wa ardhi. Babu alipong'oa kisiki, kule chini mti ulikuwa mgumu, hata gome limeshika. Kipande cha juu, kilichopigwa na mvua zote, nacho kilikuwa kizima. Palipooza ni shubiri moja tu ya katikati, na hapo kisu kiliingia kama kwenye kiazi kilichochemshwa. Sote tukasema ni mchwa. Tulipasua kile kipande na hatukuona mchwa hata mmoja, lakini tuliendelea kusema hivyo hivyo.

Aliyekula mguu ule ni kuvu. Kuvu wa kuozesha mbao wanataka maji na hewa kwa pamoja. Mbao ambayo maji yake hayafiki asilimia 20 ya uzito wake mkavu haiwafai. Juu ya ardhi mti hulowa, kisha jua na upepo huukausha kabla hawajajenga. Chini sana kuna maji tele, ila hewa ni haba. Ndiyo maana nguzo za mbao zinazobeba majengo ya Venice zimedumu karne nyingi ndani ya tope, ingawa bakteria huzitafuna polepole. Pale udongo unapokutana na hewa, kuvu hupata vyote viwili mwaka mzima. Nguzo za umeme za mbao nazo huchunguzwa zaidi hapo hapo, kwenye usawa wa ardhi.

Lakini kwa nini pasikauke kama kwingine? Fikiria utambi wa kibatari. Mafuta yako chini na moto uko juu, na hakuna anayeyapandisha ila nyuzi zenyewe. Mti nao ni fungu la mirija myembamba iliyolala kufuata urefu wake. Ilikuwa njia ya maji mti ulipokuwa hai, na kukatwa hakuizibi. Ubavuni maji huingia kwa shida. Kwenye kichwa cha nguzo, pale msumeno ulipopita, midomo ya mirija yote iko wazi. Ukikisimamisha kichwa hicho kwenye udongo wa unyevu, umechovya utambi. Rangi haikuokoi: ikipasuka kidogo maji huingia, kisha rangi ile ile huyazuia kutoka.

Kwa hiyo kubuni mnara wa mbao ni kazi ya kuyaonyesha maji njia ya kutokea. Vichwa vya nguzo vya juu huvikwa kofia ya bati au hukatwa mshazari. Mbao mbili hazibanwi uso kwa uso, kwa sababu hufanya kama sahani za bati zilizopangwa mbichi: asubuhi ya juu imekauka, katikati bado kuna maji. Huachiwa nafasi ya unene wa washa, kile kipete cha chuma kinachovalishwa bolti, ili hewa ipite. Na mchwa wakija, hulazimika kujenga njia yao ya udongo juu ya zege na chuma, mahali ambapo mkaguzi ataiona.

Mnara wa redio wa Gliwice, Poland, ulijengwa mwaka 1935 kwa mbao za lachi, mti wa jamii ya msonobari, zilizofungwa kwa bolti za shaba. Una mita 111 na bado umesimama, kiunzi kitupu ambacho upepo unapita kila upande. Pyramidenkogel wa Austria, uliofunguliwa mwaka 2013 kwa ajili ya watazamaji, unafika mita 100 ukihesabu na antena.

Si kila mnara huuawa na maji. Goetheturm wa Frankfurt, wa mwaka 1931, uliteketea kwa moto mwaka 2017, ukajengwa upya. Kuhusu desturi ya kuchoma mguu wa nguzo uwe mkaa kabla ya kuuchimbia, matokeo ya majaribio hayalingani, kwa hiyo nisingeitegemea peke yake.

Kuinua mguu nako kuna gharama yake. Mbao ni nyepesi, na udongo haushiki tena, hivyo upepo unaweza kuupindua mnara. Ndipo viatu hufungwa kwa bolti ndefu zilizozama kwenye zege, na nguzo huunganishwa kwa mbao za mshazari zinazofanya pembetatu, kwa sababu mraba hulala ukisukumwa, pembetatu hailali mpaka kitu kivunjike. Dungu lililopo sasa pale shambani limekaa juu ya mawe manne bapa. Kila ubavu una miti miwili iliyopishana, na kila mguu umefungwa kwa waya kwenye kigingi. Vigingi huoza, tunabadilisha vigingi.