Ubunifu hauna chumba kimoja kichwani

Wapo wanaoamini kwamba aliyeumia ubongo upande wa kulia asahau kuchora, na aliyeumia kushoto apewe rangi, eti ubunifu wake umesalimika. Dhana hii, kwamba ubunifu hukaa upande wa kulia tu, ilikua kutokana na tafiti za mwanasayansi wa ubongo Roger Sperry kwa wagonjwa waliokatwa nyuzi za neva zinazounganisha nusu mbili za ubongo. Sperry alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, na alistahili. Waliotia chumvi ni wengine.

Kweli, kwa watu wengi lugha hutegemea zaidi upande wa kushoto. Lakini kubuni jambo huamsha mitandao iliyotapakaa pande zote mbili.

Gabrielle Giffords, aliyekuwa mbunge wa Marekani alipopigwa risasi kichwani upande wa kushoto mwaka 2011, aliweza kuimba maneno yaliyomshinda kuyatamka. Haikuwa burudani tu: wataalamu waliutumia wimbo kama njia ya pembeni ya kuifikia lugha. Vivyo hivyo, kujiwazia mkono ukishika kikombe huamsha sehemu nyingi zinazouongoza mkono wenyewe, ingawa kuwaza peke yake hakuchukui nafasi ya mazoezi. Na mgonjwa akichoka, aache. Ubongo uliojeruhiwa huchoka upesi.