Goma–Bukavu kwa ndege si dakika sita

Nimeandikiwa tena: "Goma na Bukavu ni kilomita 85, ndege inakimbia 800 kwa saa, basi ni dakika sita. Nusu saa mnaitoa wapi?" Kazi yangu ni kupanga safari za ndege, na hesabu hii imenichosha. Nazungumzia safari za kawaida, zile za kabla ya Januari 2025, vita ilipoufunga uwanja wa Goma.

Hizo 85 ni sahihi, lakini ni mstari ulionyooka kati ya viwanja viwili. Barabara ya Sake, Minova na Kalehe inafuata ukingo wa Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, na kukaribia kilomita 200. Hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu ni 800. Huo ni mwendo wa jeti ikiwa juu sana, kilomita kumi na zaidi kutoka usawa wa bahari. Kati ya Goma na Bukavu hakuna anayefika huko, kwa sababu kabla hujamaliza kupanda umeshaanza kushuka. Chini ya futi 10,000, kwa kawaida ndege haizidi kilomita 460 hivi kwa saa, na Goma yenyewe imekaa futi 5,000. Jeti kubwa na ndege ndogo ya pangaboi zinafika karibu pamoja! Ongeza kona za kuiweka ndege sawa na pisti, yaani njia ya kutulia. Kule Kavumu, uwanja wa ndege wa Bukavu, upande wa magharibi umesimama mlima Kahuzi wenye mita 3,308, na wingu likiukalia mlima rubani hakati kona ovyo. Ndiyo maana angani tunahesabu dakika 20 na kidogo. Nusu saa inaanza vizuizi vya magurudumu vinapoondolewa Goma, inaisha vinaporudishwa Kavumu.

Hata sisi wa kazi hatusemi kitu kimoja. Mmoja akitaja muda wa safari anahesabu tangu magurudumu yaache ardhi, mwingine tangu vizuizi viondolewe. Na majedwali ya kupangia safari, ambayo vitabu vinayasifu, siyaamini kwa kipande kifupi hivi: yametungwa kwa ndege inayopata muda wa kutulia juu. Naamini zaidi kumbukumbu za ndege ileile kwenye njia ileile. Ukinibana nikupe idadi moja kamili ya dakika, sina.

Tena ndege haitui Bukavu. Inatua Kavumu, kilomita 30 hivi kaskazini mwa mji, na barabara hiyo peke yake inaweza kula muda kuliko anga yote uliyovuka. Ndugu zangu, mkilinganisha ndege na boti ya mwendo kasi, inayotumia kama saa tatu ziwani na kukushusha mjini kabisa, hesabuni hivyo: kuwahi uwanjani, kungoja, kuruka, kungoja mzigo, kisha gari la Kavumu. Kabla uwanja haujafungwa, mwenye shughuli karibu na bandari ya Bukavu na asiye na haraka ya asubuhi, mimi mwenyewe nilikuwa namwelekeza kwenye boti.