Beni walinawa mikono, kisha wakapiga kura isiyohesabiwa

Desemba 30, 2018, wananchi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo walipokuwa wakichagua rais, wakazi wa mji wa Beni, jimbo la Kivu Kaskazini, nao walipanga foleni. Kura zao hazikuwa na nguvu yoyote kisheria. Siku nne kabla, tume ya uchaguzi ilikuwa imetangaza kwamba Beni na mji jirani wa Butembo wangesubiri hadi Machi, wakati rais mpya ameshaapishwa. Sababu zilizotajwa ni usalama na mlipuko wa ebola uliokuwa ukiendelea huko. Basi watu wakajiandalia uchaguzi wao, na waliofika wakanawa mikono kwanza. Walichokuwa wakiuliza kilieleweka hata bila bango: sokoni tunakwenda, kanisani tunakwenda, kwa nini ebola iogope sanduku la kura peke yake?

Hasira hiyo ilikuwa na upande mbaya. Desemba 27 waandamanaji walivamia kituo cha Beni walikokuwa wametengwa watu wanaoshukiwa kuugua, na baadhi yao wakakimbia. Kwa ugonjwa huu, hilo si dogo. Ebola huambukiza kupitia damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa au maiti, na dalili huchukua siku 2 hadi 21 kujitokeza. Mtu mmoja akipotea mtaani, wafuatiliaji wanaanza upya kuorodhesha aliokula, kulala na kusafiri nao.

Nimesikia wengi, hata wenzangu wa fani hii, wakimaliza habari kwa neno moja: ujinga. Sikubaliani nao. Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Mmoja kati ya wanne alisema ebola haipo. Takwimu inayonigusa zaidi ni nyingine: chini ya theluthi moja ndio walioamini kwamba viongozi wa eneo lao wanawatetea. Asiyemwamini kiongozi wake haamini anachotangaziwa, hata kikiwa kweli.

Na walikuwa na sababu. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wakichinjwa usiku kwa mapanga, na aliyekuja kuwaokoa hawakumwona. Ilipoingia ebola, yakaja magari mapya, fedha na walinzi wenye bunduki. Operesheni nzima ya kupambana na ebola wakaiita Riposte, neno la Kifaransa lenye maana ya kujibu mapigo, na haikuchukua muda watu wakaanza kuizungumzia kama biashara. Wakati huohuo surua ilikuwa ikiua watoto nchini humo: zaidi ya watu 6,000 walikufa katika mlipuko wake hadi mwanzoni mwa 2020, karibu mara tatu ya waliouawa na ebola. Kwa surua hapakuwa na misafara ya namna ile. Mama aliyezika mtoto kwa surua anaona tofauti hiyo bila kusoma ripoti.

Serikali nayo iliwapa wenye shaka cha kushika. Waziri wa Afya, Oly Ilunga, alijiuzulu Julai 2019. Machi 2020 mahakama ilimtia hatiani kwa ubadhirifu wa fedha za ebola, mwenyewe akikana.

Kuyaeleza haya si kuhalalisha damu. Aprili 2019 Dkt. Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, alipigwa risasi hospitalini Butembo akafa. Kila shambulio lilisimamisha chanjo na ufuatiliaji kwa siku kadhaa, na virusi havikusimama.

Mlipuko ulitangazwa kwisha Juni 25, 2020, ukiwa umegusa watu 3,470 na kuua 2,287. Chanjo ilisaidia sana. Zaidi ya watu 300,000 waliipata. Lakini kuna mambo mengine yaliyobadilishwa kwa sababu watu walilalamika na safari hii wakasikilizwa. Wagonjwa waliwekwa kwenye vyumba vya plastiki angavu, ndugu akasimama nje na kuzungumza na mgonjwa wake akimwona uso. Waliopona, ambao kule huitwa washindi, wakaajiriwa kulea watoto ambao wazazi wao walikuwa wamelazwa.

Jingine lilihusu mazishi. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba mifuko ya maiti haina maiti, au maiti imekatwa viungo. Kuukanusha redioni hakukutosha. Ikaletwa mifuko yenye dirisha angavu upande wa kichwa: ndugu anasogea, anatazama, anathibitisha kwamba ni mtu wake, ndipo safari ya kwenda kaburini inaanza.