Mfumo umeuandika wewe, lakini rufaa si yako

"Wakili, nataka kukata rufaa." Mwezi huu nimeambiwa hivyo mara tatu hapa ofisini Arusha, karibu na Mnara wa Saa, na mara zote na vijana wanaotengeneza mifumo ya kompyuta. Wa mwisho alikuja na Coaster kutoka Moshi, kompyuta mgongoni, mkataba wa kurasa mbili ndani ya bahasha ya kaki. Kampuni moja ilishinda zabuni ya mfumo wa makusanyo wa taasisi ya umma, ikampa yeye aandike sehemu ya mfumo inayoshughulikia malipo na risiti. Sasa taasisi inasema mfumo wote ni mali yake, na msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, umekabidhiwa mtu mwingine auendeleze. Kijana anataka kwenda Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, PPAA, kwa sababu "mimi ndiye niliyeuandika".

Nikamwomba anionyeshe kwa kidole sahihi ya afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayeifunga kwa mkataba, ilipo kwenye karatasi zake. Haikuwepo. Kulikuwa na sahihi yake na muhuri wa ile kampuni, basi.

Hili ndilo ninalolirudia mpaka sauti inakauka: kufanya kazi ya serikali si kuwa na mkataba na serikali. Hata kama ulishinda ofisini kwao miezi sita, ukawafundisha wahasibu wao, na mkuu wa TEHAMA anakupigia usiku mfumo ukigoma. Taasisi ina mkataba na mkandarasi mkuu, yaani ile kampuni iliyoshinda zabuni, na mkandarasi mkuu ana mkataba na wewe. Ile barua ya taasisi kukukubali kama mkandarasi mdogo, ambayo wengi wananiletea kama hati ya nyumba, inamruhusu mkuu akupe kazi tu. Kwa taasisi anaendelea kuwajibika yeye.

Tena PPAA yenyewe husikiliza malalamiko ya zabuni, yaliyokwisha kupita kwa afisa masuuli. Mkataba ukishaanza kutekelezwa, mgogoro unakwenda kule mkataba unakosema: mazungumzo, mwamuzi, usuluhishi chini ya Sheria ya Usuluhishi ya 2020, au mahakamani. Kwa jambo hili hata mkandarasi mkuu angepotea njia akienda PPAA.

"Mbona Marekani wanaruhusiwa?" Alikuwa amechapisha kurasa za intaneti, na nilizisoma zote. Sheria yao ya migogoro ya mikataba ya mwaka 1978 inampa haki ya rufaa mkandarasi, yaani aliyeingia mkataba na serikali ya shirikisho. Mkandarasi mdogo kwa kawaida hupitisha dai lake kwa mkuu, na mkuu ndiye anayelipeleka: siku 90 kwenye bodi ya rufaa, au miezi 12 kwenye Mahakama ya Madai ya Shirikisho, tangu apokee uamuzi wa afisa mikataba. Dai likizidi dola 100,000, mkuu lazima alithibitishe kwa maandishi. Kwenye data za kiufundi za Wizara ya Ulinzi, kweli, sheria yao inamtaja mkandarasi mdogo wa ngazi yoyote. Lakini tafsiri ya "data za kiufundi" humo haijumuishi programu za kompyuta. Kwa hiyo hata huko mwandishi wa programu hana mlango mpana kama anavyodhani, na mlango huo hauko Arusha.

Alichokuwa nacho kijana wangu, bila kujua, ni hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaziweka programu za kompyuta pamoja na maandishi mengine. Dai la mkataba linamhusu mliyesaini naye. Hakimiliki unaweza kuidai kwa yeyote anayetumia kazi yako bila ruhusa, ilimradi hujaitoa kwa kalamu yako mwenyewe. Ukurasa wa pili wa mkataba wake ulisema: "Kazi zote zitakazozalishwa zitakuwa mali ya Kampuni." Nikampigia mstari chini ya neno "zitakazozalishwa". Tukafungua historia ya msimbo kwenye kompyuta yake. Sehemu ya risiti, ile muhimu kuliko zote, aliiandika miaka miwili kabla ya mkataba, kwa AMCOS, chama cha ushirika, moja ya kahawa. Hiyo haikuzalishwa kwenye kazi hii. Hapo tuna pa kushika: barua kwa mkandarasi mkuu kwanza, na ikibidi kuishtaki taasisi, notisi ya siku 90 kisha Mahakama Kuu, Mwanasheria Mkuu akiunganishwa.

Laiti angekuja kabla ya kusaini. Ningemdaia vitu viwili tu kwenye mkataba: kiambatisho kinachoorodhesha kila sehemu ya msimbo aliyokuja nayo, na kifungu kinachomfunga mkandarasi mkuu kuwasilisha dai letu kwa taasisi ndani ya muda na kutupa chetu akilipwa. Mstari mmoja na ukurasa mmoja. Watu wanabishana wiki nzima juu ya malipo ya awali, hili hawaliulizi.

Mengine kwa haraka. Kusajili kazi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ni vizuri, ni ushahidi, lakini usajili hauzai hakimiliki, na haurudishi uliyokwisha kuitoa. Mahakama ya Afrika Mashariki iko hapa hapa Arusha, ndiyo, lakini mwananchi huipelekea shauri la nchi mwanachama kukiuka Mkataba wa Jumuiya, ndani ya miezi miwili. Mgogoro wa kibiashara huufikisha huko kwa usuluhishi endapo mkataba wenu uliipa mamlaka hayo.

Kijana alikwisha simama mlangoni alipouliza la mwisho: je, akibadilisha nywila ya seva, ambayo bado anayo, ili wamlipe kwanza ndipo awafungulie, kuna ubaya? Nikamrudisha kwenye kiti. Kuingilia mfumo au data bila ruhusa ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na umiliki wa msimbo si ruhusa ya kuingia kwenye seva ya mtu. Tuliandika barua ya kuikabidhi nywila hiyo jioni ile ile, yenye tarehe na saa, naye akasaini kabla ya kuwahi basi.