Maana ya "mji juu ya mlima" katika fasihi ya Marekani

"Mji hauwezi kusitirika ukiwa juu ya mlima." Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anaujua mstari huo wa Mathayo 5:14. Katika fasihi ya Marekani umekuwa jina la dhana nzima: imani kwamba taifa lile lilianzishwa kwa kusudi la Mungu, na kwamba dunia yote inalitazama.

Aliyeuingiza humo ni John Winthrop, mwanasheria aliyeongoza Wapuritani waliohama Uingereza mwaka 1630, yeye akiwa ndani ya meli Arbella, kwenda kujenga koloni la Massachusetts Bay. Wapuritani walikuwa Waprotestanti walioona Kanisa la Uingereza bado lina mabaki mengi ya Ukatoliki, wakataka lisafishwe. Walijiona kama Israeli mpya, watu waliofunga agano na Mungu.

Kiini cha dhana kiko kwenye neno hilo, agano, na ndipo wengi wanapopita haraka. Agano hufunga pande zote mbili. Katika hotuba aliyowatolea wenzake kuhusu safari hiyo, Winthrop hakuwaambia kwamba wao ni bora kuliko watu wengine. Aliwaambia macho ya watu wote yatakuwa juu yao, kwa hiyo wakimfanyia Mungu hila katika kazi hiyo, atawaondolea msaada wake nao watakuwa gumzo la dunia. Mlima wa Winthrop ni mahali ambapo aibu haina pa kujificha. Tena sehemu kubwa ya hotuba yake inahusu upendo: mwenye ziada ajinyime ili mwenzake apate cha lazima, wabebeane mizigo, wafungamane kama mtu mmoja.

Hotuba hiyo haikuchapishwa hadi 1838, zaidi ya miaka 60 baada ya Marekani kutangaza uhuru. Ni katika karne ya 20 ndipo wasomi, Perry Miller akiwa mmojawapo, walipoifanya mlango wa kuingilia fasihi ya nchi yao. John F. Kennedy aliyatumia maneno hayo mwaka 1961. Ronald Reagan akaufanya mji huo "unaong'aa", akaurudia hadi katika hotuba yake ya kuaga Januari 1989. Onyo likawa sifa.

Hadithi ya asili ya taifa hutegemea inapoanzia. Ukianzia kwa Winthrop, unakutana na watu wanaomtafuta Mungu. Ukianzia Virginia mwaka 1619, unakutana na Waafrika kutoka Angola wakishushwa melini kuuzwa. Na hata Massachusetts ilikuwa na wenyewe. Muhuri wa koloni wa 1629 ulimchora mwenyeji wa nchi akisema "Vuka uje utusaidie", maneno yaliyotolewa katika Matendo ya Mitume 16:9. Miaka minane baadaye, askari wa makoloni ya Wapuritani walikichoma moto kijiji cha Wapequot, kabila la wenyeji, huko Mystic katika Connecticut ya leo, mamia ya watu wakiwa ndani.