Siku ya tatu baada ya kutolewa gego la mwisho

Wagonjwa niliowapasua gego la mwisho hawanipigii simu siku ya kwanza. Siku hiyo ganzi bado iko mdomoni na ndugu wamejaa nyumbani na pole zao. Simu huja siku ya tatu: "Daktari, mbona shavu limezidi kuvimba? Kweli mlilitoa lote?"

Tulilitoa lote. Uvimbe wa upasuaji huu huongezeka polepole, unafika kilele kati ya saa 48 na 72, ndipo unaanza kunywea. Gego lililolala ndani ya taya halitoki kwa koleo peke yake. Tunachana fizi, tunachonga mfupa kidogo kwa mashine, mara nyingine tunalikata jino vipande viwili au vitatu, halafu tunashona. Mwili haujui kwamba tulikuwa na nia njema, unavimba kama ungevimba kwa ajali. Misuli ya kutafunia nayo inakaza. Mtu aliyekuwa akiingiza vidole vitatu mdomoni, kimoja juu ya kingine, sasa hata kimoja ni shughuli. Hali hiyo kwa kawaida hulegea yenyewe ndani ya wiki moja au mbili.

Nikipewa nafasi ya kumweleza mgonjwa jambo moja tu kabla hajatoka mlangoni, namweleza habari za bonge la damu. Jino likitoka, shimo linajaa damu, na damu ile inaganda na kuwa kitu cheusi kinachoelekea wekundu, kama kipande cha ini. Wengi wakikiona kwenye kioo wanadhani ni uchafu. Dada mmoja alikikwangua kwa njiti ya kiberiti akaja kliniki akinisimulia jinsi alivyojisafisha vizuri. Siku mbili baadaye alirudi ameshika shavu, hataki hata kusalimia.

Bonge lile ndilo linalofunika mfupa, na nyama mpya huota humo humo. Likitoka mapema, mfupa unabaki uchi, mate na chakula vinaugusa moja kwa moja. Sisi tunaita shimo kavu. Kwa meno ya kawaida hutokea kwa watu wachache tu katika kila 100, lakini kwa magego ya mwisho ya taya la chini hutokea mara nyingi zaidi, hasa kwa wavutaji sigara na wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango.

Ndiyo maana ya masharti yetu yote. Ng'ata shashi kwa nusu saa hadi saa nzima, bila kuichomoa kila dakika kuangalia. Mate meza, usiteme. Mrija, sigara na shisha weka mbali, kwa sababu kule kufyonza kunalivuta bonge. Chai iwe vuguvugu. Halafu kuna jambo ambalo vitabu nilivyosomea havikulitaja: kutawadha. Mgonjwa anazingatia kila sharti, kisha mara tano kwa siku anasukutua kwa nguvu na kutema. Mambo ya hukumu namwachia sheikh wake. Kwa upande wa kidonda, siku ya kwanza maji yaingie taratibu na yaachwe yamwagike yenyewe. Maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji vuguvugu, anza baada ya saa 24, na hapo pia unainamisha kichwa huku na huku tu.

Damu nayo huwatisha watu kuliko inavyostahili. Tone moja likichanganyika na mate linatosha kuchafua mto mzima. Ukiamka saa nane usiku ukakuta hivyo, kaa wima, ng'ata shashi safi. Kama huna, chukua kifuko cha majani ya chai kilicholoweshwa na kukamuliwa, maana ule ukakasi wa chai husaidia damu kuganda. Ikiendelea kububujika baada ya kung'ata saa nzima, njoo hospitali usiku huohuo.

Dawa ya maumivu meza kabla ganzi haijaisha. Kwa mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu wala ujauzito, ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli gramu 1 hufanya kazi vizuri sana, mara nyingi kuliko dawa kali watu wanazozililia. Maumivu ya kawaida hupungua kila siku. Ya shimo kavu hufanya kinyume: unapata nafuu, kisha kati ya siku ya pili na ya nne yanarudi kwa kishindo, yanapanda hadi sikioni, na mdomo unatoa harufu mbaya. Hapo watu hukimbilia duka la dawa kununua amoksilini, ambayo haifunikii mtu mfupa. Sisi tunaosha shimo na kuweka dawa yenye eujenoli. Mtu wa Pemba ataitambua harufu yake kabla sijafungua kichupa, kwa kuwa ni kiini cha mafuta ya karafuu. Ila usijimiminie mafuta hayo nyumbani. Yanaunguza fizi.

Chakula sina maneno mengi: uji, mtori, viazi vya kuponda, na karanga na bisi zisubiri. Adui nisiyempenda ni punje ya wali, inavyojua kujificha shimoni.

Ganzi ya mdomo wa chini au ulimi ikiwa bado ipo kesho yake, niambie. Mara nyingi mshipa wa fahamu umetikiswa tu na hupona, ila nataka kufuatilia tangu mwanzo. Uvimbe ukianza kukaza chini ya kidevu, ukashindwa kumeza mate, sauti ikabadilika au pumzi ikawa nzito, usinipigie simu wala usisubiri kupambazuke. Nenda hospitali kubwa iliyo karibu, kwa sababu uambukizi wa sehemu hiyo unaweza kuziba njia ya hewa ndani ya saa chache.

Fizi hufunga kwa wiki tatu au nne, mfupa hujaa kwa miezi. Dereva mmoja wa bodaboda aliniuliza siku ya saba kama anaweza kurudi kwenye mishkaki. Nikamwambia anionyeshe vidole vitatu mdomoni. Viliingia viwili na nusu.

"Basi nitakula nusu mshikaki, daktari."