Boriti haiozi kwa uzee

Mbao ikianza kumeguka kama biskuti, wengi husema imezeeka. Lakini umri hauozeshi mbao. Iliyokaa kavu hudumu karne kadhaa. Kinachoila ni kuvu. Mbegu zake ni vumbi lisiloonekana kwa macho, zimo hewani kila mahali, na hakuna nyumba isiyo nazo. Zinasubiri maji tu.

Mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 hivi haishambuliwi. Unyevu ukipanda hadi karibu asilimia 30 na kukaa hapo, mbegu huota nyuzi nyembamba zinazopenya ndani na kumeng'enya mbao yenyewe. Ndiyo maana uso huweza kuonekana mzima huku ndani pameshalainika.

Tazama nyumba za mawe za Mji Mkongwe, Unguja. Boriti za mikoko huoza hasa kwenye ncha zilizozikwa ukutani. Lipu ya saruji ikichukua nafasi ya chokaa, ukuta haupumui tena. Maji ya paa linalovuja hunaswa humo na kuishia kwenye ncha hizo.

Kupaka rangi juu ya mbao mbichi huzidisha ubaya, maana unyevu hukosa pa kutokea. Ziba uvujaji kwanza. Kisha choma kwa bisibisi: ikizama bila nguvu, kata hadi kwenye mbao ngumu, na sentimita 30 zaidi. Ncha mpya iachiwe hewa pembeni, isishindiliwe saruji. Ukikuta njia za udongo juu ya mbao, huyo ni mchwa, na dawa yake ni nyingine.